Mizani ya Mbuzi na Gia Boksi ya Mzee Mabruki

Watumishi wote wa Kitengo cha Chanjo ya Mifugo, Chake Chake, wanatangaziwa rasmi kwamba mizani ya kupimia mbuzi, iliyoning'inia kwenye mfenesi wa uani kwa miaka kumi na minne, itateremshwa siku ya Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, saa nne kamili za asubuhi. Watakaopenda kushuhudia wafike mapema. Viti ni vichache.

Saa hiyo hiyo atastaafu pia dereva wetu, Mzee Mabruki Duni Haroub, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Mambo haya mawili yana uhusiano, kama anavyojua kila aliyewahi kupimiwa kapu lake.

Mzee Mabruki aliajiriwa mwaka 1993, akakabidhiwa gari ya gia za mkono iliyopungukiwa na mlango mmoja. Kwa miaka kumi na tisa hakujulikana kwa lolote ila ukimya na kofia safi. Mwaka 2012 Kitengo kikapata gari ya otomatiki, iliyokwishatumika ng'ambo, na hapo ndipo tabu yetu ilipoanza. Mkuu wa wakati ule aliisifu kwamba inabadilisha gia yenyewe. Sisi tukafahamu kwamba inapanda na milima yenyewe.

Lazima isemwe wazi: gia boksi ya kwanza iliuawa na ukarimu. Tulikwenda Kengeja kuchanja kuku, na Kengeja mgeni haondoki mikono mitupu. Sheha alitoa mikungu ya ndizi. Jirani yake akaona haya, akatoa gunia la muhogo. Jirani wa jirani akatoa mawili. Tukaondoka watu sita, mikungu kumi na moja, magunia manne na beberu mmoja ambaye mpaka leo hatujui aliingiaje. Katikati ya mlima gari ikawa inanguruma na haiendi. Ikatoka harufu ya halua iliyoungua, na mmoja wetu akauliza nani amebeba halua. Oili ya gia boksi, ambayo ikiwa mpya ni nyekundu kama juisi ya rozela, ilitoka nyeusi kama kahawa ya msibani.

Gia boksi nyingine ilichukua miezi minne kufika kutoka Unguja. Katika miezi hiyo kideri, ugonjwa wa kuku, kilipita Micheweni, na Bi Mwanamize, mjane aliyesomesha watoto watatu kwa mayai, akapoteza kuku arobaini na mmoja kwa wiki moja. Chanjo yao ilikuwamo ndani ya friji yetu, nzima, baridi, haina wa kuipeleka. Mzee Mabruki alipanda gari ya abiria akaenda kumpa pole. Bi Mwanamize hakumlaumu. Alimwambia tu, "Mwanangu, mliniambia mtakuja."

Aliporudi hakupita ofisini. Alipita stoo, akachukua mizani.

Tangu hapo hatukupumzika. Kapu la kilo tano kwa kila mtu, na asiyeridhika alishauriwa atembee. Bi Radhiya, mkuu wetu wa sasa na daktari wa mifugo mwenye shahada mbili, alirudishiwa machungwa matatu mbele ya watu. Zawadi za wenyeji hazikukataliwa, maana kukataa ni kuvunjia watu heshima. Mzee Mabruki alizipokea kwa mikono miwili, akaomba dua, kisha akazipakiza kwenye gari ya abiria zije kwa njia yake. Zilifika. Ndizi zilifika zimeshaiva na kupitiliza, na samaki wa Tumbe walifika katika hali ambayo haifai kuelezwa kwenye sherehe.

Halafu vilima. Kisiwa chetu kilima kikiisha humpisha mwenzake. Kabla ya kila mlima Mzee Mabruki alibonyeza kitufe cha kuzuia gia ya juu, ili gari isiwe inapandisha gia na kushusha, inapandisha na kushusha, kama mtu asiyejua anachotaka. Hapo, alisema, ndipo joto linapozaliwa. Mlima ukizidi alishusha mpaka namba mbili, tukapanda taratibu tukapitwa na baiskeli. Mwenye baiskeli alitusalimia, akatuuliza hali za nyumbani, na tukawa na wasaa wa kumjibu yote.

Juu ya mlima tulisimama. Mahali tambarare, breki ya mkono, gia huru, injini inaunguruma, dakika kumi na mbili kwa saa yake ya mkononi. Bi Radhiya aliwahi kumwamuru azime, petroli inaisha bure. Akajibiwa kwa adabu zote: "Bi Radhiya, wewe ndiye mkubwa wangu. Lakini tukizima, oili itasimama, na joto halitakuwa na pa kwenda." Injini haikuzimwa. Muuza kachori wa pale juu, aliyeanza na sinia moja kichwani, sasa ana banda na mabenchi mawili, na anajua kila mmoja wetu anapenda pilipili kiasi gani.

Lami ilipofika kaskazini tulimshukuru Mungu, tukidhani mateso yamekwisha. Mzee Mabruki akasema lami ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa sasa watu watataka kukimbia. Akaongeza kituo.

Alitoa rejeta ndogo kwenye gari bovu, akaifunga mbele ya ile kubwa, oili ya gia boksi ipite humo ipoe kabla ya kurudi kazini. Akaitilia na feni. Kwa kuwa gari yetu ilikuwa ya kupepewa na haibebi kitu, tukaiita Bi Harusi. Tulipolalamika kwamba boksi la chanjo lina barafu, na barafu haijui kituo, alikubali kwamba tuna haki. Akaongeza barafu. Kisha akapunguza kilo za makapu kwa uzito wa hiyo barafu.

Kwa miaka kumi na minne gia boksi ni ile ile ya pili, na zamu ya Micheweni haijakosekana hata moja. Hapo ndipo tunaposhindwa kumlaumu kwa raha.

Mwaka huu alikuwa na hofu moja tu: nani atamshikia Bi Harusi. Dereva mpya, Fahmi, ametoka kwenye teksi za mjini Unguja, ambako mlima mkubwa ni tuta la barabarani. Masharti yote aliyasikiliza kwa heshima, akayaita mambo ya wazee.

Mwezi Juni tulikwenda Micheweni, Fahmi kwenye usukani, Mzee Mabruki nyuma na boksi la chanjo katikati ya miguu. Milima miwili ilipandwa kwa kasi, kitufe hakikuguswa. Ni aibu kusema, lakini tulifurahi. Tulimpita muuza kachori. Alisimama na sinia yake akatutazama kama watu waliomwacha msibani.

Mlima wa tatu gari ilinguruma na haikwenda. Ikaja harufu ya halua. Safari hii hakuna aliyeuliza nani kaibeba.

Fahmi alinyoosha mkono kwenye ufunguo. "Usizime, mwanangu," alisema Mzee Mabruki. "Itie gia huru, vuta breki, iache ipumue." Tukakaa ukingoni mwa barabara. Fahmi aliuliza ni muda gani. Akaambiwa gari itasema yenyewe. Ilichukua dakika thelathini na tano kusema. Ndipo Mzee Mabruki alipochomoa kijiti cha oili, injini ikiwaka, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakitia tena, akakichomoa, akakitazama juani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Oili ilikuwa kahawia. Haijawa nyeusi. "Bi Harusi bado yumo," alisema, na tukapanda kwa namba mbili.

Tulifika barafu imebaki kama sabuni iliyokwishaogewa, lakini chanjo ilikuwa baridi. Bi Mwanamize alikuwa amekaa na matenga yake, kuku sitini na watatu. "Leo mmechelewa," alisema, "lakini si mmekuja." Kisha akamgeukia Fahmi: "Wewe ndiye mpya? Hawa wamo tengani tangu alfajiri. Usiniweke tena, baba."

Fahmi aliwashika kuku wale mmoja mmoja, wakatiwa tone jichoni, wote sitini na watatu. Wakati wa kurudi alisimama kila kituo bila kuambiwa. Alinunua kachori za watu wote.

Mzee Mabruki, umetuchosha, umetuchelewesha, umetupima hadharani. Pia umetufikisha, kila mara. Tunakushukuru kwa mikono miwili, na tunakuombea afya, umri mrefu na njia tambarare.

Nyongeza: Jumatatu Fahmi aliandika barua kuomba mizani ibaki kwenye mfenesi. Bi Radhiya amekwishaisaini. Mizani haitateremshwa, na kiwango kuanzia Agosti ni kilo nne.