Jumamosi za Mama Yenu

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, maneno yangu leo hayawezi kusubiri. Niinueni kidogo. Hapo, basi.

Nyumba ni yenu watatu, asiuze mtu bila wenzake. Karakana ya makochi ni ya dada yenu, maana ndiye aliyeshika nyundo nyinyi wawili mkilikimbia vumbi la sponji. Na wewe wa katikati usinune, hata kupima kitambaa hukuwahi kujua. Mjomba wenu, ambaye sijamwamkia miaka thelathini, mwiteni mazishini akae mbele. Kosa lilikuwa langu, na la kuvunda halina ubani.

Tulipoachana na mama yenu, hakimu alisema mkae kwangu, naye awachukue kila Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja. Mimi nikasema damu ni yangu, haki ni yangu. Kila Jumamosi nikawaamsha mapema nikawapeleka karakana, mkalala juu ya makochi ya watu, na mlipouliza nikawaambia mama yenu hakuja. Alikuja. Jirani alimwona ameketi kizingitini na mfuko wa nguo zenu mpya, wiki baada ya wiki, mpaka nguo zile zikawa ndogo kwenu. Mjomba wenu alipokuja kunisema, nilimfukuza na nyundo mkononi. Mwaka wa pili mama yenu akahama mji, na mlipomzika mliamini kwamba aliwatupa. Nilisimama pale kaburini nikanyamaza. Nendeni mkamwombe radhi, mniombee na mimi.

Nigeuzeni upande huu. Hapana, ule. Saa ngapi sasa? Na leo siku gani, msinidanganye.

Wewe wa katikati, mjukuu wangu anafanya nini pale sebuleni? Leo ni siku ya mama yake, karatasi ya mahakama nimeisoma mwenyewe. Umemwambia mama yake kwamba babu anakufa. Ninakufa kweli, lakini kifo ni changu, usikifanye kisingizio. Mama huyo angekuwa anampiga mtoto au anamlaza njaa, ningekwambia nenda kwa hakimu ukapigane. Kosa lake ni kwamba amekukataa wewe, mtoto hajamkataa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami ndiye niliyekulea hivi, najua, na inaniuma kuliko kifua hiki.

Unasema una haki ya kuniaga na mwanao ubavuni. Unayo. Lakini yule mdogo hakutuomba tumgawane, na anachohitaji leo ni mama yake.

Maji. Basi, yanatosha.

Nizikeni bila mbwembwe. Mungu awape afya, awape riziki ya halali, awajalie kusikilizana... Bado umesimama? Mchukue mtoto, mpeleke sasa hivi. Usimlete kunishika mkono, atachelewa. Mwambie mama yake... mwambie mzee anaomba samahani. Ukirudi usiponikuta, radhi yangu unayo. Ukibaki hapa... huna. Nenda, mwanangu. Nenda.