Felisian Burito Magige (1971–2025): Fundi wa BSA Ambaye Hakuuza Mbio

Kabla ya tarehe na miaka, tuondoe jambo moja njiani. Kwa karibu miaka sita imesemwa stendi ya Bunda, imesemwa Nyasho, na juzi imesemwa hata hapa Nyegina, watu wakiwa wamekalia viti vya msiba wetu, kwamba marehemu aliuza mbio za pikipiki za tarehe 5 Oktoba 2019. Hakuuza. Mimi mjane wake, Mwalimu Hyasinta, nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa mwisho na saa mkononi, na nimeandika hapa nilichokiona kwa macho yangu. Anayewasomea ni shemeji yangu Gasper, mdogo wake marehemu. Nimemwomba asiruke mstari hata mmoja.

Marehemu Felisian alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 hapa Nyegina, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Burito Magige na marehemu Mama Rozalia. Alibatizwa hapa hapa misioni. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na kila likizo alimchukua mwanaye akakae naye huko. Nyuma ya magunia ya stoo ya kiwanda kulikuwa na pikipiki ya Kiingereza aina ya BSA ya mwaka 1958, silinda moja, cc 350, iliyowahi kutumiwa na bwana pamba kuzungukia mashamba. Ilikuwa imekufa na panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti chake. Mtoto alikuwa akikaa mbele yake saa nzima bila kuigusa.

Alisoma Shule ya Msingi Nyegina kuanzia 1979 hadi 1985, kisha ufundi wa magari mjini Musoma, 1986 hadi 1988. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwahi kujifanya alikuwa. Lakini mwalimu wake wa karakana aliandika hivi kwenye ripoti yake ya mwisho, ambayo ninayo: "Anasikia injini kabla ya kuifungua." Nimefundisha fizikia miaka ishirini na minane na sijapata mwanafunzi wa kumwandikia sentensi kama hiyo.

Januari 1989 aliajiriwa katika kiwanda kile kile alichofanyia kazi baba yake. Mzee alipostaafu mwaka 1991 aliomba apewe ile BSA, akapewa, akamkabidhi mwanaye. "Chukua," alimwambia. "Usipoifufua, mama yako ataigeuza banda la kuku." Ilimchukua miaka minne. Ilinguruma mara ya kwanza tarehe 19 Agosti 1995. Mwaka 2004 aliacha kazi kiwandani na kufungua gereji yake Nyasho, Musoma, aliyoiendesha mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Kuifufua hakukumtosha. Aliikereza flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya injini, mpaka ikabaki nyepesi ili injini ipande haraka. Valvu ya kuingizia hewa aliichonga kutoka valvu ya trekta, na pistoni aliitoa kwenye gari dogo lililokuwa limeoza Suguti. Chuma cha nyuma kinachoshika gurudumu alikitengeneza cha pili, kirefu zaidi kwa inchi nne, ili pikipiki isinyanyuke mbele inapochomoka. Kile cha asili hakukitupa. Nyumbani tulisema BSA ina nguo za Jumamosi na nguo za Jumapili. Za Jumamosi zilikuwa za mbio: chuma kirefu, usukani wa chini, sproketi ya nyuma, ile gia ya mnyororo, yenye meno hamsini na mawili. Za Jumapili zilikuwa za barabarani: chuma kifupi, kiti cha watu wawili, meno arobaini na mawili, na taa inayowaka. Kubadilisha kulimchukua saa moja na nusu. Hesabu za meno nilimpigia mimi.

Nataka vijana waliopo waelewe jambo hili. Pikipiki ile ilipotoka kiwandani, mita mia nne ilizimaliza kwa sekunde ishirini na moja. Mwaka 2018 niliipima mwenyewe kwa sekunde kumi na tano nukta nne. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini. Ikiwa na nguo za Jumapili ungeweza kuhesabu mapigo ya injini moja moja, kama mtu anayetwanga bila haraka. Ikiwa na za Jumamosi uliisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Ninajua kanuni zote zinazoeleza jambo hilo. Hazijawahi kunipunguzia mshangao.

Tulifunga ndoa kanisani Butiama, kwetu, Jumamosi tarehe 12 Julai 1997. Mama yangu, Bibi Wankyo, yupo hapa leo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali: mkwe hampiti kwa fujo njiani, hali mbele yake, hakai mkao wowote wa ovyo akionekana naye. Felisian alikuwa wa kabila la Wakwaya wa ziwani, na hakuna ambaye angemlaumu kama mila za Butiama zingemteleza. Hazikumteleza. Kila tulipokwenda kumsalimia Mama alizima injini kwenye njia panda na kuisukuma BSA mita mia mbili za mlima, jasho likimtoka. Niliwahi kumwambia, "Baba Debora, panda bwana, Mama ni mtu mzima, ameshaona pikipiki." Akajibu, "Pikipiki ameziona. Mkwe aliyezitanulia miguu hajamwona, na hatamwona."

Sasa nafika Bunda. Siku ile chama cha waendesha pikipiki kiliandaa mbio, kwa kibali, kwenye kipande cha barabara ya zamani kisichotumika tena. Walikimbia wawili wawili, na zawadi ilikuwa dume la ng'ombe. Felisian alikuwa na miaka arobaini na minane na pikipiki yake sitini na mmoja. Kijana mmoja alimwita, "Mzee, hiyo ni pikipiki au mashine ya kusaga?"

"Mashine ya kusaga," Felisian akamjibu. "Leta mahindi."

Aliwasaga watatu. Fainali ikawa yeye na Lukas, fundi mwenzake wa Bunda, aliyekuwa na pikipiki mpya ya cc 250.

Kosa la siku ile lilikuwa langu. Asubuhi nilikuwa nimemfuata Mama Butiama bila kumwambia mume wangu, kwa sababu nilitaka mzazi wangu amwone mkwe wake akishinda. Nikamtafutia Mama mahali pazuri kuliko pote, pale pale kwenye mstari wa mwisho. Nilikuwa nimepiga hesabu ya sproketi mpaka nukta ya pili, nikasahau hesabu moja ya nyumbani.

Kitambaa kikashuka. Felisian alitoka mbele, na kufikia nusu ya njia alikuwa mbele kwa urefu wa pikipiki mbili. Alikuwa amelala tumbo juu ya tangi, makalio juu, miguu nyuma, kama waendeshao mbio wanavyolala. Zikiwa zimebaki mita kama sitini akainua macho, akamwona mama mkwe wake.

Alikaa wima. Alifunga mafuta, akageuzia uso upande wa pili, akapita mstari taratibu kama mtu anayetoka misa. Lukas alikuwa ameshapita. Mama alikuwa amejifunika kitenge usoni. "Hyasinta, umeniua," alisema. "Umenileta kumwona mkwe amelala hivyo?"

Alipokwisha kuivisha BSA nguo za Jumapili tulirudi Musoma, mimi nyuma yake. Njiani alisimamisha pikipiki, akaniuliza, "Nani alimleta Mama pale?" Nikasema, "Mimi." Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Mwalimu, umesoma wewe! Umesoma mpaka mkwe umemsahau." Kisha akaacha kucheka. "Hii isitoke kwetu. Ikitoka, Bunda nzima watamtungia Mama wimbo."

Wiki ile ile Lukas alichinja lile dume, akamletea Felisian mguu wa nyuma, kwa kuwa mshindi muungwana hali peke yake. Watu wakaona nyama inaingia kwetu wakasema hayo ndiyo malipo. Kuanzia hapo gereji ilikuwa haikosi mtu wa kumtania: "Fundi, hizi breki ni zile za kuuzia mbio?" Mwaka 2023 washenga walipokuja kwa binti yetu Debora, mmoja wao aliuliza mbele ya wazee kama hii ndiyo nyumba ya yule aliyeuza mbio. Nilimtazama mume wangu. Nilijua sentensi moja tu ingemsafisha. Alisema, "Karibuni chakula." Nimesoma vitabu vingi juu ya ujasiri. Siku ile niliuona ukinawisha wageni mikono.

Mwezi Februari 2024 alianza kushindwa kumeza. Mwanza wakatuambia ni saratani ya koo la chakula. Alitibiwa kwa miezi kumi na tano, na ninawashukuru madaktari na wauguzi wote. Mwezi Mei mwaka huu Lukas alikuja kumwona. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Kaka, niambie ukweli. Watu wanasema ushindi wangu ni wa kununua. Uliniachia?" Sauti ya Felisian ilikuwa imebaki kidogo sana. "Ulifika kwanza, Lukas. Saa ya mke wangu haidanganyi." Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Nyasho, akiwa na miaka hamsini na minne.

Haya nisingeyaandika bila ruhusa. Juzi Mama, ambaye ana miaka themanini na minne, aliniita ndani. "Yule alikuwa hanipitagi hata njia ya kisimani," alisema. "Andika yote. Mimi wanicheke, nimezeeka. Yeye asizikwe na jina la mwizi." Nimeandika. Lukas naye yuko hapa, na kuanzia leo ushindi wake ni safi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Debora na Samweli, mjukuu mmoja, ndugu zake Gasper na Recho, na mama mkwe aliyemheshimu kuliko dume la ng'ombe. Mungu ampokee, na apumzike kwa amani ambayo ulimi wa mtu hauifikii.

Nimeulizwa na wengi, hata leo asubuhi, ni nani aliyeanzisha uvumi ule. Ninamjua, na amekula chakula cha msiba huu. Sitamtaja. Nisifuatwe nyumbani kuulizwa. Nimemaliza.