Fundi Shan Peiyun na Chungu Kilichoitwa Bandia

Tarehe 30 Juni 2019, Fundi Shan Peiyun anastaafu baada ya kuhudumia vyombo vya shaba vya makumbusho yetu hapa Zhejiang kwa miaka thelathini na sita.

Aliajiriwa mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kusugua sakafu. Marehemu Fundi Hua, aliyetunza shaba kabla yake, alimwona anavyovitazama vyombo, akamvuta karakanani. Upole wake wote ni kwa vyombo vya shaba. Sisi wengine tunaujua ukali wake. Ndugu Bao, mlinzi wetu, aliwahi kuweka kikombe cha chai kwenye meza yake, kando ya vyombo. "Hao wameponea vita na mafuriko, kaka," aliambiwa. "Leo uwamalize kwa chai?"

Mwaka 1997 alikuja mtaalamu kutukagua. Akagonga kwa kucha chungu chetu cha miguu mitatu, kilichosubiwa kwa shaba iliyoyeyushwa enzi ya wafalme wa Ming, miaka mia kadhaa iliyopita, kwa umbo la vyombo vya matambiko vya kale mno.

"Bandia," akasema. "Kiondoeni daftarini."

Maana yake kingeuzwa kama chakavu. Fundi Shan aliomba miezi mitatu. Alikuwa ameona kutu ya ndani ni nene upande mmoja tu. Akaibandua kwa kijiti cha mwanzi, punje kwa punje. Wiki ya kumi na moja alituita. Tulimkuta ameketi chini kando ya chungu. Tukamulika tochi ndani, pale kutu ilipotoka, tukasoma maandishi:

"Cha wazee wetu kiliyeyuka motoni. Mimi, Fan Zhongli, nimesubu hiki kwa umbo lake, ili heshima isikatike. Mwaka wa tano wa Jiajing."

Huo ni mwaka 1526. Mtu alikuwa amejitambulisha kwetu baada ya miaka mia nne na sabini na moja. Ndugu Bao alivua kofia.

Mtaalamu alirudi, akasoma, akainama mara tatu. "Dada Shan, nimemtukana mtu mwaminifu."

"Basi mwombe yeye radhi, si mimi."

Leo vyombo sitini na viwili vilivyoiga umbo la kale vina ukumbi wao, na kila kimoja kimeandikwa karne yake halisi bila haya.

Jumatatu alipita humo kuaga. Mbele ya kila chombo alilitamka jina la aliyekisubu. Pasipo na jina, aliinamisha kichwa. Ilimchukua asubuhi nzima, wala hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chakula kinapoa.

Fundi Shan, asante sana. Tunakuombea afya, miaka mingi, na mikono iliyopumzika.