Mapacha wa Ndabibi na Wakunga Watatu

PAYAL: Haloo? Haloo, Emmy?

EMMY: Haloo, ni nani? Ongea kwa nguvu, mtandao unakuja ukienda.

PAYAL: Ni mimi!

EMMY: Mimi nani? Namba yako imejaa sufuri kama ya wakora.

PAYAL: Miaka minne tumekaa deski moja na hujui sauti yangu? Payal!

EMMY: Payal! Daktari wetu wa Uingereza! Niaje?

PAYAL: Poa tu. Sikiza, niko na kadi ya simu ya dakika kumi, na —

EMMY: Ngoja nipande juu kidogo. [chuma kinalia] Haya. Niko kwa ngazi ya tanki ya maji. Dispensari yote hii ya Ndabibi, mtandao uko hapa juu peke yake. Umesema?

PAYAL: Uko kazini? Nisikucheleweshe.

EMMY: Kazi gani, si ni kujitolea kama wewe tu, mpaka chuo kituite. Sista Wachuka anashona mtu amejikata na shoka. Toby anamshikia tochi.

PAYAL: Toby ni nani?

EMMY: Mzungu wetu. Nilikuambia. Amekuja kutoka kwenu huko, anataka kusomea udaktari.

PAYAL: Huku si kwetu.

EMMY: Kwani? Babako anaambia kila mtu dukani kwamba hospitali ya Leicester wamekushika hawataki kukuachilia. Juzi nimeenda kununua bomba, akaniuzia bei ya chini, ati kwa sababu mimi ni rafiki ya daktari. Ati ulisaidia kupasua mtu! ... Payal? Umekatika?

PAYAL: Niko. Emmy, mimi napeana chai.

EMMY: Unapeana nini?

PAYAL: Chai! Nasukuma toroli wodini. "Chai ama kahawa? Biskuti?" Hivyo tu. Hapa bila cheti hawakuruhusu hata kushika pamba. Nilisoma fomu nzima: volontia asiguse mgonjwa, asiguse dawa, asiguse faili.

EMMY: [anacheka]

PAYAL: Usicheke!

EMMY: Sicheki, nakohoa. Yaani umepanda ndege mpaka Uingereza kuwa mtu wa chai! Na huku wametuletea Toby, siku ya kwanza anauliza atadunga watu saa ngapi! Si mngebadilishana tu pale airport kila mtu arudi kwao?

PAYAL: Na alidunga?

EMMY: Kwa Sista Wachuka? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alimpa jembe kweli! Wiki mbili Toby alipalilia sukuma wiki ya wagonjwa. Sasa ndio anashika tochi, ni kama amepanda cheo.

PAYAL: Emmy, dakika zinaisha. Kesho niko na intavyu ya chuo cha udaktari.

EMMY: Wacha! Kesho hii?

PAYAL: Saa nne asubuhi. Na lazima wataniuliza, "Umejitolea wapi, umejifunza nini?" Nitasema nini, nimejifunza biskuti? Nikianguka, baba atawaambia nini wale watu wa duka?

EMMY: Hapo sasa.

PAYAL: Kwa hivyo nilikuwa nafikiria... unakumbuka ile barua pepe uliniandikia mwezi wa nane? Ya mapacha?

EMMY: Ya mapacha, ee.

PAYAL: Sasa si... yaani... wewe huna intavyu.

EMMY: Payal.

PAYAL: Nitasema nilikuwa Ndabibi kabla nije huku. Nani atajua? Nitasema nilisaidia kumzalisha mama yao. Kidogo tu!

EMMY: Watoto wawili, kidogo tu?

PAYAL: Aki nisaidie. Nikirudi nitakuletea chokoleti. Kubwa.

EMMY: Kubwa aje?

PAYAL: Kama tofali!

EMMY: Mimi ningekupatia bure, shida ni kwamba umechelewa. Hao mapacha wamechukuliwa.

PAYAL: Wamechukuliwa aje?

EMMY: Toby amewaandika kwa barua yake ya chuo. Alinisomea hapa kwa ngazi, machozi ikimtoka. Ati usiku wa manane, mshumaa mmoja, fisi analia huko nje, na yeye peke yake akapokea watoto wa Afrika kwa mikono yake miwili.

PAYAL: Na ni kweli?

EMMY: Toby! Aliona kichwa cha wa kwanza akalala chini pole pole kama mtu anasali. Ilibidi nimruke nikipeleka maji ya moto. Mara mbili! Aliamka wakati wa picha.

PAYAL: [anacheka] Manze!

EMMY: Na usiku gani? Hao watoto ni Kiplimo na Chelimo. Unajua hiyo ni nini?

PAYAL: Si ni majina tu?

EMMY: Umezaliwa Nakuru na hujui! Ni asubuhi, ng'ombe zikitoka kwenda malisho. Kwa kabila letu mtoto anabeba saa yake kwa jina. Mimi ni Chepkemboi kwa sababu nilikuja giza ikiingia. Sasa Toby ameandika usiku wa manane, na chini yake ameweka majina sawasawa. Amejishtaki mwenyewe!

PAYAL: Basi si hiyo ni nzuri? Mimi nitasema asubuhi.

EMMY: Ngoja. Chuo chako ni gani?

PAYAL: Hiki cha Leicester.

EMMY: Yeye pia.

PAYAL: Zii.

EMMY: Haki ya Mungu. Anaruka Jumapili, intavyu ni Alhamisi. Wewe utawapokea kesho, yeye atawapokea Alhamisi. Wale wazee wa intavyu wataambiana, huko Ndabibi mama anazaa watoto wale wale kila wiki! Sista Wachuka mkunga wa kwanza, Toby wa pili, wewe wa tatu. Na mimi nilishika beseni, hata sijajiandika!

PAYAL: [mtandao unakwaruza] ...mekwisha mimi. Sina kitu, Emmy.

EMMY: Miezi miwili na hakuna kitu imefanyika?

PAYAL: Hakuna. Nimegombezwa tu. Hata wodi nimetolewa, wiki hii napanga magazeti.

EMMY: Uligombezwa kwa nini?

PAYAL: Si ni huyo mzee Pritam.

EMMY: Pritam nani?

PAYAL: Mgonjwa fulani, singasinga. Siku nne hali, hanywi, na nesi akigusa soksi zake anapiga teke. Anaongea maneno hawaelewi. Wakaona kilemba, wakaleta mtu wa kutafsiri Kipunjabi. Huyo akasema hiki si Kipunjabi, mzee anaropoka. Wakaandika amechanganyikiwa. Mimi nikafika na chai yangu, akaionja, akasema, "Hii chai gani? Hapana maziwa! Kama maji ya kuosha gari!"

EMMY: Kwa Kiswahili?

PAYAL: Kiswahili ya gereji kabisa! Nilikaribia kumwaga toroli. Alikuwa na gereji Nakuru miaka arobaini. Nikamuuliza, mzee, si unajua Kiingereza? Akasema, "Najua. Lakini iko tabia gani hii, kuniita mpenzi na kuniuliza leo siku gani kama mtoto ya nasari? Mimi naongea Kiswahili tu mpaka mtu iko na adabu."

EMMY: [anacheka] Huyo ni mtu wa Nakuru!

PAYAL: Nikamwamkia vizuri, shikamoo na kila kitu. Nikamtengenezea chai ya maziwa, akamaliza kikombe. Ndio akaniambia mguu unachoma. Akavua soksi mwenyewe. Emmy, kidonda. Ukubwa wa shilingi ishirini, na mzee ana sukari.

EMMY: Ukafanya nini?

PAYAL: Nikakimbia kuita nesi. Daktari akaja, wakamsafisha, wakampatia dawa. Ati wangechelewa kidogo wangeukata mguu. Halafu mkubwa wangu akanigombeza, volontia haongei na wagonjwa mambo ya ugonjwa. Ndio nikapelekwa kwa magazeti. Unaona? Hakuna kitu.

EMMY: Payal.

PAYAL: Nini?

EMMY: Wewe ni mjinga sana.

PAYAL: Asante!

EMMY: Unaniibia mapacha na una mguu mzima!

PAYAL: Lakini ilikuwa chai tu —

EMMY: Nyamaza, mimi ndio intavyu sasa. Ehem. Bi. Payal, kwa nini ulitoka Kenya kuja kupeana chai? Jibu!

PAYAL: Emmy, kadi imelia, imebaki dakika moja —

EMMY: Jibu!

PAYAL: Kwa sababu... Nilikuja nikidhani nitagusa watu. Wakanikataza. Nikawa sina kazi isipokuwa kusikiza. Na kulikuwa na mzee mmoja, siku nne anasema anaumwa, na kila mtu anaandika tu. Sikujua dawa yake. Nilijua tu anasema nini. Emmy? Niambie haraka. Na baba nitamwambia mwenyewe, leo leo, kwamba ni chai. Haloo? Nimepita?

EMMY: Ume— [mlio]

EMMY: Umepita. Haloo? Payal? Nimesema umepita! ... Ah, imekatika. Hata hajasikia.

EMMY: Eeh, Sista? Nakuja, nashuka! ... Nani? Amelala tena? ... Muondoe hapo mlangoni tu, na mwokote hiyo tochi!