Siku Simu Yangu Ilipopanda Gari la Maziwa

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la yule anayetusikia hata mnara wa simu ukizima. Mimi si msemaji. Mchungaji amenipa dakika chache, na nikizipitisha mnisamehe, maana nimekaa mahali ambapo ukimpata mtu wa kuongea naye Kiswahili unamshika mkono asiondoke.

Wengi hapa Garissa mnanijua kama mwalimu yule wa kule ndani, anayekuja kanisani akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwetu ni Taita, kule juu milimani, kwenye ukungu na migomba. Nilipoletwa kufundisha kwenye kile kijiji tulikuwa walimu kadhaa kutoka bara. Mmoja akapata uhamisho, mwingine akaoa akaondoka, mwingine alienda likizo mpaka leo. Nikabaki mimi.

Watu wa kijiji walikuwa wema kwangu, nisiwasingizie. Mchana shuleni ni Kiswahili na vicheko. Lakini jioni kila mtu hurudi kwake na lugha yake, na mimi narudi kwenye nyumba yangu ya mabati, nachemsha chai ya mtu mmoja. Ndugu zangu, chai ya mtu mmoja mnaijua? Unapima maji kwa kikombe chenyewe unachonywea. Nilikuwa naongea na sufuria.

Basi tegemeo langu lote likawa simu. Na mtandao kule ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo cha wavulana. Unapanda, unaelekeza uso upande wa Garissa, unainua mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, halafu unangoja. Upepo ukibadilika, umekosa. Kila Jumapili nilipanda pale kufuata ibada ya kanisa letu la nyumbani. Mchungaji anaanza kuomba, anafumba macho, anainua mkono, halafu anaganda hapohapo, na kale kaduara kanazunguka juu ya uso wake. Nimesali sana na kale kaduara. Mahubiri sikuwahi kuyamaliza hata mara moja, ila namba ya kutuma sadaka haikukosa kunifikia, hiyo ilikuja kwa ujumbe mfupi.

Na mama yangu hivyohivyo. Nampigia, anasema, "Unanisikia?" Nasema, "Nakusikia, wewe unanisikia?" Anasema, "Unanisikia?" Halafu kimya. Ikitokea siku imekubali, nilimwambia niko sawa, nakula vizuri, nina marafiki wengi. Ningemwambia nini kingine juu ya kichuguu, na pengine itakatika kabla sijamaliza kulia?

Sasa niwaeleze habari ya Habiba, maana bila yeye sina ushuhuda. Habiba ni mama muuza maziwa ya ngamia. Alfajiri anapanda pikapu pamoja na mitungi yake, anaingia mjini, anauza, jioni anarudi. Na pale kijijini kuna utaratibu wao ambao sijauona kwingine. Mtandao usipokuja kwa watu, simu zinaufuata mtandao. Mtu anarekodi ujumbe wake wa sauti nyumbani, anafunga uzi wa rangi yake kwenye simu, anampa Habiba. Habiba anaziweka zote kwenye mfuko wa kitambaa kiunoni. Gari likikaribia Garissa, mfuko unaanza kuimba: ujumbe unatoka, ujumbe unaingia, wa Nairobi, wa Mandera, wa ng'ambo. Jioni simu zinarudi zimeshiba.

Mara nyingi alisimama mlangoni kwangu. "Abaayo, leta simu yako itembee." Abaayo ni dada, ndivyo alivyoniita tangu mwanzo. Nami namjibu, asante, nina kichuguu changu. Niliona simu ni kitu cha mtu mwenyewe, kama mswaki.

Ndipo siku ile ikaja. Kwanza ule mnara tulioutegemea ulikuwa unakohoa wiki nzima, unakuja unapotea, wala hakuna aliyejua sababu. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Garissa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndani ya mfuko wa nailoni, akahangaike huko kuwaandikisha kwa mtihani kwenye kompyuta, maana shuleni kwetu ukurasa mmoja ulikuwa haufunguki. Shule ikabaki mikononi mwangu. Jioni nikapanda kichuguu, na ujumbe mmoja ukadondoka, wa kaka yangu. Mama amezidiwa, tumbo, anaingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi, piga simu. Nikapiga. Hakuna kitu. Nikainua mkono, nikageuka kila upande, nikashuka, nikapanda tena. Hakuna. Mnara ulikuwa umezima kabisa.

Ndugu zangu, nisiwafiche. Nilimlilia Mungu pale nikamwambia, Baba, nimechoka kuganda. Mama yangu yuko chini ya kisu na mimi niko juu ya udongo wa mchwa, na hakuna mtu hapa anayejua hata jina lake. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe. Kwamba akifa, katika kijiji kizima hakuna atakayeweza kusema, maskini, mama fulani.

Asubuhi pikapu ilipopiga honi sikungoja kuombwa. Nilikimbia bila viatu. Nilikuwa nataka kwenda mwenyewe, lakini watoto walishajipanga mbele ya madarasa na hapakuwa na mtu mzima mwingine. Nikampa Habiba simu, nikamweleza kwa maneno yaliyokuwa yanagongana. Akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye pindo la leso yake, akaufunga, akasema, "Sasa iko na jina. Enda fundisha."

Sijui nilifundisha nini siku ile. Mkono ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe na kukuta chaki. Mchana nilikwenda kwenye kichuguu bila simu, nikasimama pale mikono mitupu, na ndipo nilipoomba sawasawa. Sikuwa na cha kuinua.

Jioni gari likafika. Habiba akashuka, akahesabu mitungi yake mitupu, akaja polepole mpaka kwangu, akaketi juu ya mkeka. Nikamuuliza, "Mama yangu?" Akasema, "Weka chai."

Nikaweka chai. Sukari inamwagika nje ya kikombe. Akanywa. Halafu akaanza. Mvua imenyesha upande wa Balambala, nyingi, mabwawa yameshika. Nyasi itatoka. Nikasema, Habiba, mama yangu. Akainua kiganja, akaendelea. Bei ya mbuzi sokoni imepanda kidogo. Ngamia wa shemeji yake amezaa, jike. Barabara imeharibika pale kwenye laga, yaani lile korongo la mchanga, dereva alichimba mchanga ndipo gari likapita. Mimi hapo nimeshika ukingo wa mkeka, nasema moyoni, huyu anazunguka kwa sababu mama amekufa. Hataki kuniambia. Mama amekufa, na huyu ananieleza ngamia.

Nikaanza kulia. Habiba akaniangalia, akashangaa kweli. Akaweka kikombe chini.

"Abaayo, unalia nini? Mimi nimekunywa chai yako."

Sikumwelewa. Akanisogelea.

"Wallahi, kama mama yako imekufa, mimi ningekunywa chai? Ningekuja kimya na wamama wote, tukae chini na wewe. Habari ya kifo haina mvua, haina ngamia. Ukisikia mtu anaanza na mvua, jua watu iko wazima. Hata mtoto mdogo hapa anajua."

Na ni kweli, ndugu zangu, kila mtu pale alijua ila mimi. Kwao habari ni amana. Unaipokea nzima, unaifikisha nzima, kwa mpangilio wake: kwanza ardhi, halafu mifugo, halafu watu. Mleta habari akiruka hatua, ni msiba. Dakika zote zile nilizokuwa namzika mama yangu, yule mwanamke alikuwa ananiambia kwamba yu hai, na mimi sikuwa na masikio.

Ndipo akanieleza. Simu ililia kiunoni kwake sokoni, katikati ya wateja. Alikuwa kaka yangu. Habiba akapokea. Kaka akamwambia upasuaji umekwenda vizuri, mama ameamka. Mtu mwingine angesema asante akakata. Habiba akasema, mpe mama. Na mama yangu, na uchungu wake wote wa kitanda, akaulizwa kama mvua imenyesha Taita. Akajibu! Na mama alipouliza mwanangu anaishije huko, Habiba akaifikisha amana nzima. Kwamba nimekonda. Kwamba sina mtu nyumbani. Kwamba kila jioni nasimama peke yangu juu ya kichuguu kama ndege.

Kisha akafungua mfuko, akanipa simu na uzi wake mwekundu. Ndani kulikuwa na ujumbe wa sauti. Nikaubonyeza palepale. Haukuganda. Ilikuwa sauti ya mama, nyembamba, inapumzika katikati ya maneno. "Mwanangu, umenidanganya siku zote kwamba una marafiki wengi. Huyu mmoja anatosha. Kunywa maziwa anayokupa. Mimi nipo." Tukashukuru, Habiba kwa maneno yake na mimi kwa yangu, machozi ni yaleyale.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba mtandao umetengenezwa. Ule mnara unazima mpaka leo, na vyeti vya watoto bado vinasafiri kwa nailoni. Upweke nao haujaisha wote, kuna jioni unanikuta. Lakini nilimwomba Mungu mtandao, yeye akanipa mtu mwenye mfuko kiunoni. Siku hizi simu yangu inapanda gari pamoja na maziwa, na jioni napika chai ya watu wawili.

Kama uko hapa na umekatika, umeinua mkono mpaka umechoka na hakuna kinachoingia, usifunge mlango wako. Mungu si lazima aje kwa njia uliyoielekea. Pengine amesimama mlangoni tangu zamani, anakuita dada, anataka tu umpe simu. Mwamini, mpe.

Na mama yangu amepona, anapanda vilima vyake. Wiki hii ujumbe wake umekuja kama kawaida, tukakaa mkekani kuusikiliza. Unaanza hivi: "Habiba mwanangu, hujambo? Huku imenyesha, mahindi yamesimama. Yule ngamia mdogo anaendeleaje?" Anaendelea hivyo mpaka chai inakaribia kupoa, bado hajanitaja. Mimi nasikiliza mvua, nangoja zamu yangu.