Mwalimu Nicolasa Xicay na Posa ya Ciudad Vieja

Ijumaa tarehe 29 Novemba, kengele ya saa sita mchana ikilia, Mwalimu Nicolasa Xicay atafunga daftari lake la mwisho hapa shuleni kwetu Tres Pilas, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafundisha Kihispania watu waliokulia kwenye Kiingereza. Nimekaa meza ya jirani naye kwa miaka kumi na tisa. Hapa kwetu kila meza ina mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na meza zimebanana, kwa hiyo nimesikia mengi hata nisiyotakiwa kusikia. Niliomba mwenyewe kuandika wasifu huu, na wenzangu watatu walioutaka niliwakatalia bila aibu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, enzi za meza tano na paa linalovuja. Leo meza ni ishirini na sita, na walimu tisa kati yetu tumefunzwa kazi na yeye. Ndiye aliyeandika kitabu chetu cha mazoezi, kile cha jalada la kijani, na ndiye wa kwanza kumnyang'anya mwanafunzi kitabu hicho akiona anajificha nyuma yake.

Wageni wetu huanza kwa mbwembwe. Kihispania husomwa karibu kama kinavyoandikwa, na maneno mengi yanafanana na ya kwao, hivyo kufikia Jumatano ya kwanza wanasoma gazeti kwa sauti na kujiona wamemaliza. Wiki ya pili huja kilio. Wanaambiwa neno meza ni la kike na neno daftari ni la kiume, wanadai sababu, na sababu hatuna. Wanakuta kitenzi kimoja kina sura zaidi ya arobaini. Ile herufi ya r ndiyo usiseme: daktari mmoja wa meno kutoka Kanada aliifanyia mazoezi bafuni mpaka familia iliyompa chumba ikamgongea mlango kuuliza kama anaumwa. Mwalimu Nicolasa hayo yote aliyaona madogo. Kwake ugumu wenyewe ulikuwa mwingine: watu hawa wakishajua kusema jambo, wanalisema palepale.

Ndivyo alivyokuwa Bwana Wendell Strickler, mkulima wa mahindi kutoka Nebraska, aliyekuja miaka sita iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na saba na wiki nne tu za kusoma. Mwanawe wa pekee alitaka kumwoa Maricruz, binti wa mji jirani wa Ciudad Vieja. Kwa desturi yetu baba wa mwanamume huenda mwenyewe kuposa, na kikapu cha mikate na chokoleti mkononi. Maricruz alilelewa na bibi yake, Bibi Tránsito, na alishasema hatamkaidi. Bibi naye alikuwa na msimamo wake: "Mkalimani simtaki. Mtu asiyeweza kuongea na mimi, mjukuu wangu hampati."

Maneno Bwana Wendell aliyashika haraka. Mwalimu akampeleka sokoni, akamwona anasimama mbele ya mama muuza nyanya na kusema anataka nyanya sita, basi. Hakuna salamu, hakuna habari za nyumbani. Yule mama akaendelea kupanga vitunguu kama hajasikia kitu. "Ukienda hivi kwa Bibi Tránsito," Mwalimu alimwambia, "utarudi na kikapu chako."

Kuanzia hapo akawa anamtuma kila asubuhi kwa mama yuleyule, na marufuku kununua chochote. Asalimie, aulizie afya, alalamikie mvua, aage. Siku ya nne mama muuza nyanya alitufuata shuleni. "Mwalimu, huyu mzee wako ana nini? Kila siku ananiulizia goti langu, nyanya hanunui." Tulicheka mpaka masomo yakasimama. Siku ya sita alikuwa ameshamwekea mzee kiti.

Jumapili ya posa Mwalimu alikwenda naye na kukaa upande wa bwana harusi, kwa sharti la bibi kwamba afunge mdomo. Bwana Wendell aliulizia afya, akaulizia kuku, akaulizia kahawa ya mwaka ule. Kwenye mahindi yeye na bibi walikaa nusu saa nzima, mwanawe akitokwa na jasho. Ulipofika wakati wa kuomba, hotuba aliyoikariri wiki mbili ikamtoka kichwani yote. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu, aliyeijua hotuba ile neno kwa neno, akajijaza mkate mdomoni. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuogopa vile maishani.

Bwana Wendell akasema kwa Kihispania kilichovunjika kila mahali: "Bibi, maneno yangu yameisha. Mwanangu anampenda Maricruz. Mimi nitakuja kila mwaka, na kila mwaka nitakuja na maneno zaidi."

Bibi Tránsito akakivuta kikapu upande wake. "Akija asilale hotelini," alimwambia Mwalimu. "Atakaa hapa jikoni kwangu. Kilichobaki nitamfundisha mwenyewe."

Harusi ilifungwa Januari. Tangu hapo Bwana Wendell huja kila Novemba na hajajiandikisha tena shuleni, jambo ambalo mkurugenzi wetu hulitaja kwa uchungu. Jumanne iliyopita alipita getini. Alitusalimia mmoja mmoja, akamuulizia mama yangu kwa jina, akazungumzia mvua, na baada ya dakika ishirini ndipo akasema kilichomleta. Bibi Tránsito, ambaye sasa ana miaka tisini na moja, amesikia habari za kustaafu. Anamwalika Mwalimu kwenye chakula cha Jumapili, na ameagiza asije kama mwalimu. Aje kama mkwe, maana siku ya posa alikaa upande wa waliokuja kuposa, na bibi hajasahau.

Mwalimu Nicolasa alilia mbele ya wanafunzi, na mimi nililia naye, sioni haya kuliandika. Asante, Mwalimu, kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele na maisha marefu yenye furaha. Jumapili utusalimie wakwe zako.