Kufuli Lililobaki Zima

"Jumanne ya tarehe 11 Machi wezi waling'oa bawaba za gereji yangu, wakaondoka na bajaji. Kufuli wakaliacha limefungwa," Mwanvita alimwambia fundi Alois, jirani yake kwenye gari la abiria aina ya Noah kutoka Matombo. "Watu wa bima wakagoma kulipa. Eti walitaka kufuli lililovunjwa."

Wakubwa huandika masharti ya bima wakiwa na mlinzi getini, Alois akawaza. Marehemu mke wangu angecheka, mimi nimesahau kucheka.

"Usijali, dada. Safari hii bawaba nitazichomelea kwa ndani."

Mwanvita akatabasamu. "Basi Ijumaa mkaguzi akiridhika, naikatia bima bajaji mpya."

Gari likasimama Mwembesongo. Akageuka, mguu mmoja nje. "Lakini kaka Alois, ataangalia bawaba, au kufuli tena?"